Bohari Moja Kubwa, Stoo za Kata au Mkataba na Muuzaji: Akiba ya Maafa ya Dar es Salaam Iwekwe Wapi?

Kila masika yanapokaribia, kamati za maafa za wilaya, mashirika ya misaada, misikiti, makanisa na hata kampuni binafsi za Dar es Salaam hukutana na swali lile lile: vifaa vya dharura tulivyonavyo, au fedha tulizotenga kuvinunulia, vikae wapi ili mvua ikishapiga viwafikie watu kwa wakati? Majibu yanayozungumzwa mezani kwa kawaida ni matatu. La kwanza ni kuweka kila kitu katika bohari moja kubwa, aghalabu Kurasini, Chang'ombe au kando ya Barabara ya Nyerere. La pili ni kugawa akiba hiyo katika stoo ndogo za kata, karibu na mabonde yenyewe. La tatu ni kutonunua kabisa mapema, bali kuingia mkataba na wafanyabiashara ambao watatoa bidhaa pindi watakapoitwa. Siku hizi limeongezeka jibu la nne, yaani kuwatumia waathirika fedha kwa simu, nalo nitalitaja kwa ufupi kwa kuwa halishindani sana na matatu ya mwanzo. Linakuja baada yake.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili msomaji ausome ulinganisho huu akijua ninakoelekea. Naona kosa kubwa liko katika kuchagua njia moja kwa bidhaa zote. Turubai, kidonge cha kutibu maji na mfuko wa unga ni vitu vitatu vyenye tabia tofauti kabisa, na katika jiji lililokatwa na Mto Msimbazi kila kimoja kina mahali pake.

Hesabu ya bohari moja, na mahali inapokwama

Hoja ya bohari moja ni nzito na haifai kupuuzwa. Mlinzi ni mmoja, leja ni moja, mtunza stoo aliyesomea kazi yake ni mmoja, na kodi ya jengo inalipwa mara moja. Ukaguzi wa mwisho wa mwaka unamalizika kwa siku chache badala ya kuzungushwa kata kwa kata. Juu ya hayo kuna hesabu ambayo watu wa ugavi wanaifahamu vizuri: akiba ya tahadhari hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya maghala. Ukitoka ghala moja kwenda maghala manne, akiba hiyo inabidi iongezeke mara mbili ili huduma ibaki pale pale, kwa sababu kila ghala linajiwekea cha kujikinga na siku yake mbaya, ilhali siku mbaya za maghala manne kwa kawaida haziji pamoja.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba hoja nzima, na hapo ndipo Dar es Salaam inapojitenga na kitabu. Kanuni hiyo inadai kwamba mahitaji ya eneo moja yasifungamane na mahitaji ya eneo jingine. Milipuko ya mabomu ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 na ile ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011 inakubaliana na sharti hilo: maafa yalitokea upande mmoja wa jiji, bila onyo, na sehemu nyingine zilibaki salama. Kwa maafa ya namna hiyo, bohari moja inayoweza kupeleka kila ilichonacho upande mmoja ni chaguo bora, kwani hakuna aliyeweza kujua kata ipi ingehitaji.

Mafuriko ni habari nyingine. Mvua ile ile inayojaza Msimbazi hujaza pia Mto Mzinga na Mto Kizinga kusini, na Mto Tegeta kaskazini. Mwezi Desemba 2011, mvua zilipoua watu wasiopungua 40 jijini, waliohitaji msaada hawakuwa wa bonde moja peke yake. Mahitaji yanapopanda pamoja namna hiyo, ile faida ya kukusanya akiba mahali pamoja hupungua sana, kwa sababu siku Hananasif inapohitaji mablanketi ndiyo siku Tabata inapoyahitaji. Kwa maneno mengine, kuigawa akiba ya mafuriko hakukulazimu kununua vitu vingi zaidi kama wengi wanavyoogopa. Kunakuongezea kazi ya usimamizi tu, na hiyo ni gharama ya aina nyingine.

Halafu kuna barabara. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri basi la mwendokasi siku ambayo Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapovuka Mto Msimbazi, imefungwa anajua kwamba maji yanayozalisha waathirika ndiyo hayo hayo yanayofunga njia ya kuwafikia. Bohari ya Kurasini iko kusini mwa Msimbazi, wakati Hananasif, Mkwajuni, Kawe na Tegeta ziko kaskazini. Ni kweli kwamba njia mbadala zipo: Daraja la Tanzanite limeanza kutumika mwaka 2022, na Barabara ya Mandela inavuka bonde kwa juu zaidi kuelekea Ubungo. Lakini Barabara ya Morogoro ikifungwa, magari yote ya jiji hukimbilia njia hizo hizo, na lori la misaada linakaa kwenye foleni pamoja na kila mtu. Safari ambayo kwa siku ya kawaida ingehesabiwa kwa dakika inakula nusu siku, na nusu siku hiyo ndiyo ile ambayo watoto waliohifadhiwa darasani wamekaa juu ya sakafu ya saruji, wakiwa wamelowa.

Bohari ya Dar es Salaam pia hutazamwa kama ghala la mikoa ya jirani, na hapo tahadhari inazidi. Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili, huku safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikisitishwa. Shehena iliyokuwa Dar ilikuwa ni shehena ya Dar. Huo ni udhaifu wa mahali, wala bohari iliyosimamiwa kwa ufanisi wa hali ya juu isingeweza kuuondoa.

Stoo za kata: ukaribu una bei yake

Stoo ya kata inashinda kwa jambo moja kubwa, nalo ni saa za mwanzo. Mtendaji wa kata anajua nyumba zipi huingiwa na maji kwanza, mwenyekiti wa mtaa anamjua mzee asiyeweza kutembea, na mkokoteni au bajaji inatosha kusafirisha mzigo mahali ambapo lori haliwezi kupita. Jiji hili lina faida ambayo miji mingi haina: tangu mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wamechora ramani za mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika, kiasi kwamba leo si lazima kukisia stoo ikae wapi. Ukiwa na ramani hizo mkononi, huna sababu ya kuweka stoo chini bondeni kwa kuwa tu kiwanja cha bure kilipatikana huko, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa tuitazame stoo yenyewe kwa karibu, kwa sababu ulinganisho mwingi huishia kwenye vikao na haufiki kwenye vitasa. Stoo ya kata kwa kawaida ni kontena la futi 20 lililowekwa kwenye uwanja wa ofisi ya kata au shule. Ndani lina nafasi ya takribani mita za ujazo 33. Kwa kaya 400, na kwa hesabu ya maturubai mawili kwa kila kaya, yanahitajika maturubai 800. Turubai la viwango vya misaada la mita 4 kwa 6 lina uzito wa takribani kilo nne na nusu, kwa hiyo mzigo wote ni kama tani 3.6. Ukiukunja vizuri, mzigo huo unakaa kontenani bila taabu. Lakini ukiamua kuongeza madumu magumu 800 ya lita 20, madumu hayo matupu peke yake yatakula zaidi ya nusu ya kontena, yaani utakuwa umelipia nafasi ya kuhifadhi hewa. Ndoo zinazoingiana, au madumu yanayokunjika, hutatua tatizo hilo kwa sehemu ndogo ya nafasi. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama kontena moja litatosha kwa kata au yatahitajika mawili.

Tatizo la pili la kontena ni joto. Chuma kilichoanikwa juani Dar es Salaam mwezi Februari kinapika kila kilichomo. Mablanketi na maturubai huvumilia. Vidonge vya klorini vya kutibu maji havivumilii, kwa sababu vinatakiwa vikae mahali pakavu, penye kivuli, katika joto lisilozidi takribani nyuzi 30. Vikihifadhiwa kontenani vinaweza kuonekana vizima kwenye karatasi yake huku nguvu yake ikiwa imepungua. Dawa za kuongeza maji mwilini nazo zina tarehe ya kwisha na hazipendi joto. Kwa hiyo vitu hivyo viwili, hata ukiamua kuvisogeza karibu na watu, mahali pake ni stoo ya zahanati au kituo cha afya cha kata, ambako tayari kuna mtu aliyezoea kusoma tarehe na kutoa kwanza kile kinachokaribia kuisha muda.

Zaidi ya hayo kuna panya wanaotoboa marobota, unyevu unaopanda kutoka chini pale marobota yanapolazwa sakafuni badala ya kwenye paleti za mbao, na sabuni iliyopangwa kando ya unga hadi ugali unanukia sabuni. Hakuna lolote kati ya haya lisiloweza kuzuiwa. Linahitaji tu mtu anayefungua mlango kila mwezi, na katika kata nyingi mtu huyo hayuko kwenye orodha ya malipo ya yeyote.

Nisiache kulitaja suala ambalo watu hulisema nje ya kikao. Stoo ya kata iko karibu na watu, na vilevile iko karibu na siasa. Mablanketi yanayokaa miaka miwili bila mafuriko huanza kuonekana kama zawadi zinazosubiri mgeni rasmi. Kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, mmoja wa ofisi ya kata na mwingine wa shirika au wa kamati ya wananchi, hupunguza kishawishi hicho, ingawa huleta hatari yake: mafuriko ya Dar mara nyingi hubisha hodi usiku, na mwenye ufunguo wa pili akiwa anaishi ng'ambo ya mto, stoo iliyo hatua mia kutoka kwa waathirika inakuwa mbali kama bohari ya Kurasini.

Mkataba na muuzaji, na baadaye fedha kwa simu

Njia ya mkataba inavutia zaidi wale wasio na ghala, na kwao ni njia ya haki kabisa. Taasisi inakubaliana na muuzaji wa jumla kuhusu bidhaa, ubora na bei, halafu haichukui kitu mpaka itakapoagiza. Serikali ina mtindo unaokaribiana na huo kupitia mikataba maalumu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ambapo taasisi huagiza kwa wazabuni waliokwisha kupitishwa badala ya kuanza zabuni upya. Faida yake kubwa ni kwamba hasara ya kuharibika inabebwa na mtu ambaye biashara yake ni kuzungusha bidhaa. Unga unaokaa stoo ya kata mwaka mzima unaharibika; unga wa muuzaji wa jumla hauchakai kwa sababu unauzwa kila wiki na kubadilishwa na mwingine. Ndiyo maana naamini chakula hakipaswi kabisa kuwekwa akiba na taasisi ndogo jijini hapa.

Kwa upande mwingine, mkataba wa namna hii ni mwepesi kusainiwa na mgumu kutekelezwa. Siku ya mafuriko, muuzaji anapigiwa simu na wateja wengi wenye fedha taslimu, na aliyefunga bei miezi sita iliyopita ndiye anayeambiwa mzigo umekwisha. Mkataba unaofaa unataja kiasi cha chini ambacho muuzaji lazima akiache ghalani muda wote, unalipia utunzaji huo hata kama hakuna kilichoagizwa, unampa mnunuzi haki ya kuingia ghalani na kuhesabu bila taarifa, na unasema wazi nani analeta gari na nani anafungua mlango saa nane za usiku. Bila vipengele hivyo, ulichonacho ni orodha ya bei yenye sahihi mbili.

Mahali pia pana uzito wake. Wauzaji wengi wa jumla wako Kariakoo, na Kariakoo inapakana na Jangwani. Mtaa wenyewe uko juu kidogo, lakini magari ya kutoka humo kwenda kaskazini yanategemea njia zile zile tulizozitaja. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na tukio hilo linatosha kuonyesha kwamba wauzaji watatu wa mtaa mmoja si wauzaji watatu kwa maana ya usalama wa akiba. Ni afadhali mmoja awe Kariakoo na mwingine awe upande wa Tegeta au Mbezi. Kumbuka pia kwamba si kila bidhaa iko dukani: ndoo, mikeka, sufuria na magodoro yapo tele, lakini turubai la viwango vya misaada, lenye matundu ya kamba yaliyoimarishwa na linalohimili jua kwa miezi, si lile jepesi la kufunikia mizigo linalouzwa rejareja. Familia zilizohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011 zilianza maisha mapya kwenye mahema, wala si kwa usiku mmoja au miwili. Turubai jepesi halifiki huko.

Fedha kwa simu ni nzuri kuanzia siku ya nne au ya tano. Mafuriko ya Dar hupiga mabonde na kuyaacha maeneo mengi ya juu yakiendelea na biashara, kwa hiyo soko hurudi haraka na mama anajua kuliko sisi kama anahitaji godoro au sare ya shule. Siku ya kwanza, hata hivyo, simu imelowa au imepotea, wakala wa mtaa ule naye amehama, na baadhi ya laini zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Na pale ambapo jiji zima linazama, kama ilivyotokea Beira nchini Msumbiji Machi 2019 wakati wa Kimbunga Idai, barabara zilipokatika na masoko yakakauka, fedha mkononi hazinunui kitu.

Bidhaa ipi iende wapi

Nikilazimika kuamua kwa niaba ya taasisi ya ukubwa wa kati, yenye uwezo wa kuhudumia kaya mia kadhaa, nisingeanza na swali la ghala. Ningeanza na maji, kwa sababu ndiyo yanayoua baada ya mafuriko kupungua, na mlipuko wa kipindupindu ulioanzia jijini hapa Agosti 2015 haujasahaulika. Watu 2,000, kwa kiwango cha kimataifa cha lita 15 kwa mtu kwa siku, wanahitaji lita 30,000 kila siku. Kuzisafirisha ni maboza matatu ya lita 10,000, kila siku, kupitia barabara zilizofurika. Kuzitibu pale pale, kwa kidonge kimoja kwa kila lita 20, ni vidonge 1,500, mzigo ambao kijana wa bodaboda anaubeba mgongoni. Maji yenye tope yatahitaji kutuama na kuchujwa kwa kitambaa kwanza, lakini tofauti ya uzito inabaki kuwa kubwa mno. Hicho ndicho kitu cha kwanza kusogezwa kwenye kata, kupitia zahanati, pamoja na ndoo zinazoingiana.

Mablanketi na maturubai ningeyagawa mara mbili tu, si mara kumi: fungu moja kusini mwa Msimbazi na jingine kaskazini, kila moja kwenye stoo iliyo juu, yenye mlinzi na leja. Sioni haja ya kuweka maturubai katika kila kata, kwa kuwa mvua moja hailingani mitaa yote, na fungu lililogandishwa kwenye kata ambayo safari hii imesalimika ni gumu kulihamisha mbele ya macho ya wenyeji. Kigamboni ni suala la kujadiliwa peke yake: inafikika kwa kivuko cha Magogoni, kwa Daraja la Nyerere na kwa kuzunguka Kongowe, hivyo si rahisi ikatengwa kabisa, na fungu la kusini linaweza kuitosha. Chakula, magodoro, vyombo na taulo za kike ningeviacha kwa wauzaji wawili wenye mikataba ya kweli. Sehemu inayobaki ya bajeti ningeitunza kwa ajili ya fedha za simu kuanzia siku ya nne.

Bohari moja ningeipendekeza bila kusita kwa taasisi ya kitaifa, ambayo leo inahudumia Temeke na kesho Hanang au Kagera, kwa sababu kwake maafa hayafungamani na ile kanuni ya kipeuo inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Msikiti au parokia yenye fedha za kaya thelathini, kinyume chake, isijenge stoo yoyote. Ikubaliane na muuzaji mmoja anayeaminika, na iweke nguvu zake katika kupata orodha sahihi ya wazee na wagonjwa wa mtaa, kitu ambacho hakuna bohari inayoweza kukinunua.

Mpango wowote utakaochaguliwa unahitaji amri ya kutoa vitu iliyoandikwa kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na taarifa hizo zinaweza kutumika moja kwa moja: angalizo likitolewa, wenye funguo wote wawili wathibitishe walipo na muuzaji ahesabu akiba yake, tahadhari ikitolewa, vidonge na ndoo vitoke zahanati viende kwenye shule zilizoteuliwa kupokea watu, bila kusubiri kikao. Hatari ya kuvipeleka na mvua isinyeshe ni nauli ya bajaji ya kuvirudisha. Jambo la mwisho ni kalenda: mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na mvua za vuli hufungua Oktoba, kwa hiyo anayetaka mkataba wenye akiba ya chini ghalani uwe umesainiwa na kukaguliwa kabla ya vuli anatakiwa kuandika mahitaji yake sasa, masika yanapoisha, wakati matope ya Jangwani bado hayajakauka.